Nilipomngoja Njeru wa Zamani

Iko asubuhi moja ambayo nimeikumbuka karibu kila wiki tangu ilipopita, mwanangu, nawe nakuita hivyo ingawa si mimi niliyekuzaa. Haikuwa asubuhi ya msiba wala ya sherehe. Nilikuwa jikoni nyumbani kwangu Gachoka, nikipuliza moto uliokataa kuwaka, nikasikia sauti ya mwanamume akiimba uani. Nikadhani tumepata mgeni. Nikajifuta mikono, nikatoka nimekasirika kidogo, maana siku hizo sikupenda wageni.

Lakini siwezi kukueleza nilichokiona huko nje kabla hujajua tulifikaje hapo. Nivumilie. Sisi tuliokwisha kuota mvi tukianza kusimulia lazima tuzunguke kwanza.

Mimi ni mzaliwa wa Kianjokoma, upande wa majani chai, ambako ukungu unaingia mpaka ndani ya nyumba na hakuna mtu anayejua maana ya kutafuta maji. Nikaolewa huko Gachoka, Mbeere, kwenye jua na vumbi, kwa watu wa mbuzi na ndengu, ambazo wengine huziita choroko. Dada zangu walinicheka. Walisema nimeacha mto nikafuata mchanga. Niliwajibu kwamba sikufuata shamba, nilimfuata Njeru, na kusema kweli kitu cha kwanza nilichokipenda kwa Njeru kilikuwa sauti yake.

Njeru alikuwa broka, dalali wa mbuzi. Sokoni ungemsikia kabla hujamwona. Alikuwa anaweza kumsifia mbuzi mpaka mwenye mbuzi mwenyewe atake kumnunua tena. Jumapili sauti ile ile ilikuwa kanisani, kwa kazi nyingine. Mchungaji wetu wa wakati huo alikuwa Mmeru, hakujua Kimbeere, akahubiri kwa Kiswahili, na Njeru alisimama kando yake akiwatafsiria wazee. Hakutafsiri neno kwa neno. Alichukua mahubiri akayavalisha nguo za nyumbani. Mchungaji akitaja mfalme na jeshi lake, Njeru alikuwa tayari ameshawapitisha barabara ya Kiritiri. Akina nyanya walisema wazi kwamba wanakuja kumsikia Njeru, na mchungaji, mtu mwenye moyo mzuri, alicheka tu akasema hata yeye huja kumsikia.

Mimi niliongoza nyimbo za akina mama. Kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa ya kelele. Huyu anaimba, huyu anasimulia, watoto wawili wanagombana kwa sauti waliyorithi kwa baba yao. Jioni jirani akipita alituuliza kama tuna mkutano.

Halafu asubuhi moja Njeru akainama kunawa uso, na beseni likaanguka. Nilimgeukia nimcheke. Nikaona mdomo wake umeenda upande.

Presha ilikuwa imepanda bila sisi kujua. Alilazwa Embu majuma kadhaa, na aliporudi nyumbani mkono wa kulia ulining'inia na mguu aliuburuta. Hayo tungeyazoea. Lakini maneno yote yalikuwa yameondoka, mwanangu, yote kabisa, isipokuwa moja. Alibaki na neno "haya". Ukimuuliza kama anataka chai, haya. Ukimuuliza anaumwa wapi, haya. Akifurahi alisema haya, akikasirika alisema haya, na akiona nimekosa kumwelewa alilirudia haraka haraka, haya haya haya, jasho likimtoka, mpaka ananyamaza na kutazama ukuta. Mtu aliyekuwa akiuza mbuzi kwa maneno. Hakuwa amefika hata miaka arobaini na tano.

Daktari alikuwa ametuketisha kabla ya kutoka hospitali. Alituambia kwamba maneno mengine huenda yakarudi, mengine hayatarudi. Alisema Njeru akae na watu, tuongee naye, tusimfiche, asitengwe na mambo aliyoyapenda. Nilikuwa nimekaa pale pale, na sikuyasikia yote hayo. Nilisikia neno moja tu, kwamba huenda yakarudi. Nikalibeba hilo mpaka nyumbani, na kuanzia siku hiyo nikawa mtu wa kungoja.

Kila kitu kikawa akipona. Akipona tutarudi kanisani. Akipona tutapanda. Akipona tutamalizia chumba cha watoto, ambacho kilikuwa kimefika kwenye linta, juu ya madirisha, na kuachwa hapo. Mvua ilinyesha shamba letu likiwa na magugu, na majirani waliotaka kuja kunisaidia kulima niliwaambia wasubiri kidogo. Mtu aliponiuliza habari yangu nilimpa habari ya zamani: Njeru alivyokuwa, Njeru alivyosema. Ungesikia ungefikiri nasimulia habari za mtu aliyesafiri.

Watoto niliwapeleka kwa dada yangu Kianjokoma. Hili nalisema polepole kwa sababu hata sasa ni gumu kinywani. Binti yetu Rwamba alikuwa na miaka minane na ndugu yake Mugo alikuwa mdogo kwake. Nilijiambia kwamba baba yao anahitaji utulivu, na kwamba si vizuri wamwone hivyo, wamkumbuke alivyokuwa, na akipona watarudi. Siku ya kuondoka Rwamba alishika mguu wa kiti cha baba yake akakataa kuachilia. Njeru akasema, haya, haya, haya. Nikaamua kwamba amekubali waende. Nilichagua maana iliyonifaa.

Watu wa kanisa walikuja mwanzoni. Walikaa uani, wakataka kuimba kidogo na kuomba, kama ilivyo desturi. Niliwaomba waombe kimya kimya. Niliwaambia kelele zinamchosha. Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyeshindwa kuzivumilia. Wimbo ukianza nilihisi kama mtu anaingiza mkono ndani ya kidonda. Hata mama mkwe wangu, Igoki, ambaye nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa boma letu, siku moja alianza kuimba kwa sauti ya chini akiwa ameketi karibu na mwanawe, nami nikatoka nikamwambia kwa heshima lakini kwa sura ngumu, "Mama, tafadhali, si hapa." Akajifunga leso yake, akaenda zake.

Usidhani nilikuwa nimekaa tu. Nilihangaika sana. Niliposikia redioni kuna mkutano mkubwa wa maombi Meru mjini, na kwamba vilema wanatembea, nilimvalisha Njeru suti yake ya harusi nikampeleka. Tulisafiri kutwa. Uwanja ulijaa watu, na mimi nilimsukuma mbele mpaka tukafika jukwaani. Mhubiri alimwekea mikono kichwani, akaomba kwa nguvu, kisha akampelekea kipaza sauti mdomoni akamwambia asifu. Njeru alinitazama. Akasema, haya. Watu wakapiga makofi, wakidhani anakubali. Mhubiri akamwambia tena asifu, naye akasema haya, na mara ya tatu haya, na mahali fulani nyuma nikasikia watu wanacheka. Mhubiri akaondoa kipaza sauti akasema kwa upole kwamba kuna mtu katika jamaa ya mgonjwa huyu anayezuia muujiza kwa kukosa imani.

Njia nzima ya kurudi Njeru aliangalia dirishani. Sikumshika mkono. Nilikuwa na hasira, na ukiniuliza nilimkasirikia nani, siku hiyo ningekwambia mhubiri, lakini nafikiri nilimkasirikia Njeru. Nilikuwa nimemtaka aseme neno moja tu jingine mbele ya watu, na hakulisema. Angalau ningemshika mkono. Suti ilikuwa imemlegea, na alikuwa ameaibishwa mbele ya umati, na mkewe aliketi kando yake kama abiria asiyemjua.

Baada ya Meru niliacha kuomba. Sikuacha kwa kelele. Nilimwambia Mungu kwamba nitarudi kuzungumza naye siku atakapomrudishia mume wangu ulimi, na nikafunga mdomo. Nilimpikia Njeru, nilimwosha, nilimfulia. Hakuna aliyeweza kunilaumu kwa kazi. Lakini nilimhudumia kama mtu anayetunza nyumba ya mwenyewe aliye mbali: unafagia, unafunga madirisha, huketi kwenye viti vyake.

Tuliishi hivyo zaidi ya mwaka.

Sasa naweza kurudi kwenye asubuhi ile. Ilikuwa wakati wa kuvuna ndengu. Sisi hatukuwa na ndengu, maana shamba letu nililiacha, lakini Igoki alikuwa amepanda za kwake kwa mikono yake mwenyewe, mwanamke wa miaka zaidi ya sabini. Alikuja na turubai akalitandika katika uwanja wetu. Alisema uwanja wetu ni mgumu na umelala sawa kuliko wake. Nikaona hakuna ubaya. Alimleta Njeru na kiti chake akamweka kivulini kando ya turubai, akachukua fimbo akaanza kupura. Mimi nikaingia jikoni.

Na ndipo nikasikia ile sauti.

Nilipotoka sikuona mgeni yeyote. Igoki alikuwa anapura ndengu, fimbo inapanda na kushuka, na anaimba wimbo wa kanisani kwa Kimbeere, ule ambao tulikuwa tunauimba watu wakitoka kwenye ibada. Na mume wangu alikuwa anaimba naye. Mwanangu, alikuwa anaimba maneno. Hakuwa anaguna wala kufuata tu sauti. Maneno yalitoka mdomoni mwake moja baada ya jingine, mazima, na sauti ilikuwa ile ile niliyoifuata kutoka Kianjokoma, imechakaa kidogo pembeni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unapiga goti.

Nilisimama mpaka ubeti ukaisha. Halafu nikakimbia, nikapiga magoti mbele yake, nikamshika uso. Nilimwambia aseme. Nilimwambia aseme jina langu, aseme jina la Rwamba, aseme chochote. Akanitazama kwa macho ya mtu aliyefurahi kuonekana. Akafungua mdomo. Akasema, haya. Nikamwambia hapana, umeimba sasa hivi, nimekusikia, sema. Akasema haya, haya, na nilimwona anahangaika, jasho linaanza, na bado nikaendelea kumtingisha.

Igoki akaweka fimbo chini.

"Mwachilie," akasema. "Unamkagua meno kama mbuzi wa soko."

Nilimwachilia. Sikuwahi kusikia mama huyo akipandisha sauti, na hata siku hiyo hakuipandisha. Aliketi juu ya mfuko wa ndengu, akapangusa vumbi usoni, akaniambia niketi. Nikaketi chini pale pale kwenye makapi.

Nilimuuliza ni tangu lini Njeru anaimba. Akanijibu kwamba ni tangu wiki zile za kwanza baada ya kutoka hospitali. Alisema kila nilipokwenda kuchota maji au sokoni, yeye alivuka uwanja akaja kuketi naye, wakaimba. Kuzungumza hawezi, alisema, lakini nyimbo zote alizozijua ziko ndani na zinatoka na maneno yake. Hakujua ni kwa nini. Miaka mingi baadaye nesi mmoja alinieleza kwamba iko hivyo kwa wagonjwa wengi wa namna ile, kwamba mahali wimbo unapokaa kichwani si pale maneno ya kawaida yanapokaa. Lakini siku hiyo sikujua. Nilijua tu kwamba kwa zaidi ya mwaka mume wangu alikuwa na sauti, na alikuwa anaitumia nikiondoka.

Nilimuuliza Igoki kwa nini hakuniambia. Swali la kijinga. Alinijibu taratibu.

"Nilianza kukuonyesha, ukaniambia si hapa. Nikafikiri utapoa. Halafu nikaona hupoi. Mama Rwamba, unamngoja Njeru wa zamani. Umemwekea kiti, umemwekea shamba, umemwekea hata watoto. Sasa huyu aliyeketi hapa, nani anakaa naye?"

Nikamwambia kwamba nilikuwa na tumaini. Nilisema nilikuwa nangoja Mungu amrudishe, na kama hiyo si imani basi sijui imani ni nini. Nafikiri nililia. Igoki akaokota punje za ndengu zilizoruka nje ya turubai, kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo.

"Bwana alipotoka kaburini alikuwa na matundu mikononi. Mungu angeweza kuyaziba. Hakuyaziba. Na wale waliompenda walimjua hivyo hivyo, kwa matundu yake. Wewe unataka Mungu akurudishie mtu asiye na alama. Huyo hatakuja, mwanangu. Huyu amekuja."

Akainuka, akachukua fimbo yake, akaendelea kupura. Mama huyo hakuwa amekwenda shule hata siku moja, na kanisani sikuwahi kumwona mbele. Hakurudia hayo maneno tena maisha yake yote. Baada ya hapo alinitaka tu nimsaidie kupepeta.

Wiki ile ile nilikwenda Kianjokoma kuwachukua watoto. Rwamba hakunikimbilia. Alisimama mlangoni kwa dada yangu akiwa ameshika mkoba, akauliza kama baba amepona. Nilimwambia hajapona, lakini tunakwenda nyumbani. Akafikiri kidogo, akauliza, basi kama tungeweza kurudi hata baba hajapona, mbona hatukurudi siku zote hizo. Nikamwambia twende tusichelewe.

Jumapili tulikwenda kanisani sote. Tuliketi nyuma kwa sababu ya mguu wake. Msichana mmoja mwalimu alikuwa sasa ndiye anayetafsiri, na alitafsiri vizuri, neno kwa neno. Nilimwangalia Njeru, nikiogopa itamuumiza. Alikuwa anatikisa kichwa kwenye sehemu fulani, kama fundi anayemwona mwenzake akipigilia msumari. Wimbo ulipoanza alisimama, akaegemea benchi, akaimba. Watu walianza kugeuka mmoja mmoja. Mchungaji alishuka kutoka mbele akaja mpaka nyuma akasimama kando yake, upande wa kulia, kama Njeru alivyokuwa akisimama kando yake yeye wakati wa mahubiri. Waliimba hivyo mpaka mwisho.

Zilikuwa siku nzuri, hizo zilizofuata. Nasema nzuri na sisemi rahisi. Bado alianguka bafuni. Bado alikasirika asipoeleweka, na siku moja alitupa kikombe. Lakini watoto walivumbua namna yao. Rwamba alikuwa akimuuliza maswali kwa kuimba, kwa tuni yoyote iliyokuja, na mara nyingine baba yake alimjibu kwa tuni hiyo hiyo, neno moja, maneno mawili. Chai moto. Njoo hapa. Mara moja tu, tukipanda kunde, nilimsikia nyuma yangu akiimba jina langu. Nilikuwa nimeinama. Sikugeuka haraka, niliogopa atanyamaza. Aliliimba mara kadhaa, Wanja, Wanja, akilijaribu, kisha likamponyoka na hakulipata tena.

Alikaa nasi hivyo mvua moja na kiangazi kimoja. Halafu presha ikapanda tena, na safari hii hakuamka. Alifariki hospitalini alasiri, jua likiingia dirishani, mimi na Igoki tukiwa kando ya kitanda. Tulimwimbia. Hakuimba nasi, lakini kidole cha mkono wa kushoto kilikuwa kinasogea, na siwezi kukuapia kwamba alitusikia, lakini naamini.

Watu huniambia kwamba angalau niligundua kabla hajafa. Ni kweli, na namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mwanangu, nikihesabu maisha ya Njeru naona ule mwaka na zaidi aliokaa akitazama ukuta, akiwa na nyimbo nzima kichwani, na mlango nimeushika mimi. Mugo hakumbuki sauti ya baba yake ya kabla ya ugonjwa, alikuwa mdogo mno. Baba anayemkumbuka ni yule wa "haya" na wa nyimbo, na anampenda huyo, hana mwingine. Kumbe ningempa muda mrefu zaidi na baba huyo. Rwamba ni mama wa watoto sasa, anakaa Nchiru, huko Meru, anauzia wanafunzi chakula karibu na chuo. Tunapatana. Lakini lile swali aliloniuliza mlangoni kwa dada yangu sijawahi kulijibu vizuri. Nilimwomba msamaha akiwa mtu mzima. Alinishika bega akasema yameisha, na nilimwamini, na bado najua kuna vitu ambavyo msamaha haurudishi.

Miaka ile ugonjwa wa korona ulipofunga makanisa na shule, na watu wakaambiwa wakae nyumbani, niliwaona vijana wengi wakiwa kama nilivyokuwa. Kila mmoja alisema mambo yakirudi kawaida. Yakirudi kawaida nitaomba. Yakirudi kawaida nitamtembelea mama. Wengine mama zao hawakungoja. Na siku hizi naona vilevile, kwa kijana aliyefutwa kazi Embu mjini, kwa msichana aliyeachwa akiwa na mtoto, kwa mkulima ambaye mvua imemkatia katikati. Mtu anasimamisha maisha yake, anakaa mlangoni, anatazama njia, na anaita hilo tumaini. Mimi pia nililiita hivyo. Na nilikuwa naenda kinyume na Mungu nikiwa nadhani namngoja.

Kwa hiyo hili ndilo neno langu kwako. Maisha yako yakivunjika, na yatavunjika mahali fulani, lia. Usimruhusu mtu akwambie kulia ni kukosa imani, na usimruhusu mtu akubebeshe lawama ya muujiza usiokuja. Omba upone, omba mume apone, omba mvua. Mimi bado naomba mambo makubwa. Lakini usimwekee Mungu sharti kwamba mtaongea jana ikirudi. Jana haitarudi, na si hiyo tuliyoahidiwa. Tuliyeahidiwa ni Yeye mwenyewe, na Yeye hangoji mambo yanyooke ndipo aingie nyumbani. Yumo tayari, katika hicho kipande kilichobaki. Kitafute hicho kipande. Kaa nacho. Waite watoto wakae nacho. Wanaokuja kuimba mlangoni pako waache waimbe, hata kama moyo unakuuma, maana hujui ni nani ndani ya nyumba anayeuhitaji huo wimbo kuliko wewe. Panda shamba hata kama mwenye shamba ni mgonjwa. Na ukimhudumia mtu, mtazame usoni, umhudumie yeye, usimhudumie yule aliyekuwa.

Najua nitamwona Njeru. Hilo silitilii shaka hata kidogo, ndilo linaloniamsha kitandani siku ambazo magoti yamekataa. Sijui atakuwa na sauti gani, wala kama mguu wake utakuwa umenyooka. Nimeacha kumpangia Mungu hilo. Nitakayemkuta nitampokea.

Sasa inama kidogo, mwanangu, nikuwekee mkono kichwani kabla hujaenda. Mungu akupe macho ya kumwona aliye karibu nawe leo. Akupe chakula na mtu wa kula naye. Siku ikikuharibikia asubuhi, asikuache peke yako nayo hadi jioni. Akuepushe na majuto ya namna yangu, na kama yatakufikia, akufundishe kuyabeba bila kuwa mchungu kwa watu. Nenda na amani, na ukifika kwenu uwasalimie wote walio nyumbani, hasa yule ambaye hujamsalimia siku nyingi.